Kuchanganya mafuta mazito na dizeli kwenye boila: yaliyonikuta

Ndugu yangu uliyeuliza kama unaweza kupunguza gharama ya dizeli kwa kuichanganya na mafuta mazito, yale meusi yanayobaki baada ya kusafisha mafuta ghafi: inawezekana. Nimewasha boila kwa mchanganyiko huo miaka sita, kiwandani Changamwe, Mombasa, na nilianza kwa kuharibu.

Kuwaka hakuna shida. Kilo ya mafuta mazito inatoa megajuli 40 hivi, dizeli 43. Kazi iko kwenye kuyafikisha hadi kwenye nozo, kitundu kinachoyanyunyiza motoni, yakiwa mepesi. Yale ya daraja la 180 yana mnato (uzito wa kutiririka) wa sentistoki 180 kwenye nyuzi 50, na bana nyingi, yaani vichomeo vya boila, zinataka 15 hadi 20, kwa hiyo lazima uyapashe mpaka nyuzi 110 hivi. Ukitia dizeli, joto hilo linashuka. Usiliache palepale, maana mchanganyiko utatoa gesi, pampu ikose mafuta na moto uanze kukatika.

Sasa kosa langu. Nilimwaga dizeli kwenye tangi lenye mafuta mazito, nusu kwa nusu, bila kupima. Kabla zamu haijaisha filta zilijaa uji mweusi kama lami. Ndiyo asfalteni hizo, chembe nzito nyeusi za lami: zimeelea ndani ya mafuta mazito, dizeli ikizidi zinashindwa kuelea, zinatua chini. Tulikaa siku mbili tukikwangua tangi kwa mikono, vijana wangu wakikohoa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo napima kila shehena. Zamani mafuta yalitoka mtambo wa jirani wa kusafisha mafuta hapa Changamwe, lakini ulisimama kusafisha mwaka 2013; sasa yanakuja kwa meli, na ya meli hii si ya meli ile. Changanya kidogo kwenye chupa, pasha moto, dondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia, weka kwenye oveni ya nyuzi 100 saa moja. Doa likiwa na rangi moja, sawa. Ukiona kiini cheusi katikati, usimwage, hata kama lori liko getini.

Oili chafu ya gereji mimi siitii. Ina maji, na maji kwenye tangi la moto yakichemka yanayatapisha mafuta nje. Huwa pia na petroli.

Kabla ya kuzima, choma dizeli tupu dakika kumi ili mabomba yasigandiwe.

Bana yako ina hita ya kupasha mafuta? Niambie na aina ya pampu, tuendelee.