Kwa wadogo zangu mnaokuja kuongoza shule Addis Ababa

Septemba imefika na simu zimeanza. Wiki iliyopita alikuwa mwenzetu mmoja wa Arusha, kijana hodari, amekabidhiwa shule maeneo ya Bole. Amepanga kikao cha wazazi wote tarehe 27 Septemba, barua zimeshatoka, viti na soda vimelipiwa. Tarehe 27 Septemba ni Meskel, sikukuu ya Msalaba. Jioni ya mkesha jiji zima linakwenda kuwasha Demera, moto mkubwa wa sikukuu hiyo, na kesho yake hakuna mzazi atakayeacha familia yake kuja kusikiliza hotuba kuhusu sare na ada. Siku mbili baadaye akapiga dada mmoja wa Kisumu. Yeye barua yake ya Kiingereza ilisema kikao ni 2:00, akimaanisha saa 8 mchana, lakini saa 2 asubuhi geti lilikuwa limejaa wazazi, wengine wameomba ruhusa kazini.

Makosa haya tunayaona kila mwaka. Nawapenda, na najua mnavyojituma, lakini inaniuma kuona mtu anajikwaa kwenye jiwe ambalo wote tuliotangulia tumelionyesha kwa kidole. Kaeni chini niwaambie.

1. Usipange tarehe kabla ya kukaa na mtu wa ofisi mwenye kalenda ya Habesha, yaani ya Ethiopia, mkononi. Miezi yao 12 ina siku 30 kila mmoja, halafu unakuja Pagumen wenye siku 5, au 6 kila baada ya miaka minne. Mwaka mpya, Enkutatash, huangukia tarehe 11 Septemba ya kwetu, au 12. Genna, Krismasi yao, ni 7 Januari, Timkat, sikukuu ya Ubatizo, ni 19 Januari, Adwa, kumbukumbu ya ushindi wa vita, ni 2 Machi, na baadhi ya sikukuu husogea siku moja miaka fulani. Fasika, yaani Pasaka, hufuata hesabu ya Kanisa la Orthodoksi, Idi hufuata mwezi. Ukifika Agosti, andika zote ukutani kabla hujaandika mtihani hata mmoja.

Kuhusu saa, sisi tunaozungumza Kiswahili tulipaswa kuwa walimu wa wageni wengine. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Saa 1 asubuhi yao ndiyo saa 1 asubuhi ya bibi yako. Shida inaanza pale unapoandika barua kwa Kiingereza na kuweka 2:00 ukimaanisha alasiri. Mzazi anaisoma kwa saa yake, anaona saa 2, na saa 2 ni asubuhi. Andika saa zote mbili, kila barua, hata kama mzazi ni profesa.

2. Tarehe za kuzaliwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa lilikuwa langu na mtoto wa watu ndiye aliyelilipia.

Nilipoanza kazi nilikuta mafaili ya wanafunzi kwenye makabati ya chuma. Humo mlikuwa na kila kitu: vyeti vya kuzaliwa vya kebele, yaani ofisi ya mtaa, vilivyoandikwa kwa kalenda ya Habesha, nakala za pasipoti zenye kalenda ya Ulaya, kadi za chanjo, barua za shule za awali. Nikaamua kwamba shule ya kimataifa haiwezi kuendeshwa hivyo. Tukanunua programu ya usajili, nikatoa wiki moja kabla ya kufungua shule, nikaagiza kila tarehe iingizwe kama ilivyo kwenye cheti.

Msajili wetu alikuwa mama wa makamo, mpole, ameshaona wakuu kadhaa wakija na kuondoka. Alisimama mbele ya meza yangu, vijana wawili wa kompyuta wakiwa wamekaa pembeni, akasema baadhi ya tarehe zinahitaji kubadilishwa kwanza, na kwamba yeye anajua zipi. Nikamjibu kwamba kazi yetu si kubadilisha nyaraka za watu. Kumbukumbu lazima ilingane na cheti. Nilisema kwa sauti ya kumaliza mjadala, na nilisema mbele ya vijana wake. Akajibu, "Ishi," yaani sawa, akarudi ofisini, kazi ikafanyika kama nilivyotaka.

Katika wanafunzi hao alikuwamo binti mmoja ambaye cheti chake kilisomeka 5/6/2000. Mwezi wa 6 wa Habesha ni Yekatit, na 5 Yekatit 2000 kwetu ni tarehe 13 Februari 2008. Programu yenyewe ikamsoma kuwa amezaliwa tarehe 5 Juni 2000. Kwa kubonyeza mara moja tukamzeesha mtoto kwa zaidi ya miaka 7. Alipofika darasa la saba, orodha ya umri ilionyesha ana miaka 20, na orodha hiyo ilipita mezani kwangu nikaisaini. Mwalimu wake wa darasa alikuwa anamwona kila siku, kasichana kembamba ka meno ya mbele makubwa, naye akasaini pia. Karatasi iliyotoka kwenye mashine hakuna aliyeitilia shaka.

Miaka ikapita. Binti akasoma, na alisoma kweli. Hisabati na fizikia zilikuwa kama mchezo kwake. Akapata nafasi ya kufadhiliwa kusoma nje ya nchi. Familia ikamkatia pasipoti, na pasipoti ikaandikwa vizuri, 2008. Transkripti yetu, karatasi ya matokeo yake, yenye muhuri wa shule na sahihi yangu, ikasema 2000. Wafadhili wakaandika kuuliza kama hizi ni nyaraka za mtu mmoja au za dada wawili. Kabla hatujajibu kwa namna ya kuwaridhisha, dirisha la maombi likafungwa.

Baba yake alikuja shuleni akiwa amevaa suti. Hakupandisha sauti. Aliweka pasipoti mezani, akaweka transkripti kando yake, akazisogeza mpaka kingo zikagusana, akaniomba niandike barua ya kusahihisha siku hiyo hiyo ili mwaka unaofuata isitokee tena. Nilitamani anigombeze. Niliandika barua huku mkono ukinitetemeka.

Alipoondoka nilimwendea msajili. Akafungua droo ya chini, akatoa daftari la mistari lililochakaa kwenye kona. Kila mtoto wa shule alikuwamo, mstari kwa mstari: tarehe ya Habesha kwa kalamu ya bluu, ya Ulaya kwa nyekundu, na alama ndogo ya msalaba pale cheti na pasipoti vilipotofautiana. Alikuwa ameliandika wiki ile ile niliyompa amri, nyumbani kwake, usiku. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tena. Akasema aliniambia. Ni kweli, aliniambia, na nilimfunga mdomo mbele ya watu waliopaswa kumheshimu.

Tulitumia daftari lile kusahihisha shule nzima. Binti alikaa nyumbani mwaka mmoja, akaomba tena, akapata. Bado sijajisamehe ule mwaka, na sitaki mmoja wenu awe na wa kwake. Kwa hiyo: kila tarehe iandikwe pamoja na kalenda yake, nakala ya pasipoti iombwe mapema, na msajili ndiye awe na neno la mwisho juu ya usajili. Akisema subiri, subiri.

3. Majina. Muethiopia hana jina la ukoo kama tulivyozoea. Jina la kwanza ni lake, la pili ni la baba, la tatu la babu. Mke habadilishi jina akiolewa. Ukimwita mzazi kwa jina la mwisho lililo kwenye faili la mtoto, umemwita babu wa mtoto, ambaye huenda ameshafariki. Sema Ato (Bwana) au Weyzero (Bibi), halafu jina lake mwenyewe la kwanza. Na tahajia ya jina kwa herufi za Kilatini ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, usimrekebishie mtu.

4. Chakula. Waorthodoksi wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Hudade kabla ya Fasika ni siku 55: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai. Jikoni kuwe na chakula cha mfungo siku hizo bila mtu kulazimika kuomba. Shiro, mchuzi wa unga wa dengu, na mboga juu ya injera, mkate wao mwembamba, watu wote wanakula na hakuna anayejiona mgeni.

Nyama ndiyo iliyomtega mwenzetu wa Tanga. Kwetu pwani tumekulia kwenye desturi kwamba mchinjaji akiwa Muislamu basi kila mtu anakula, Mkristo na Muislamu, na jambo limekwisha. Yeye kwa nia njema kabisa akanunua mbuzi wa sherehe ya wafanyakazi, akamtafuta Muislamu wa kuchinja ili kusiwe na atakayebaguliwa. Nusu ya ukumbi haikugusa nyama. Huku Mkristo kwa desturi hali nyama iliyochinjwa na Muislamu, na Muislamu hali ya Mkristo, na wamekaa pamoja kwa karne nyingi wakiheshimiana hivyo. Bucha zenyewe zina alama, msalaba au mwezi. Dada yule wa Tanga alilia jikoni, na wapishi wakamkumbatia, wakampikia shiro. Kwa hiyo ukifanya sherehe, majiko yawe mawili, au kaa na mboga.

5. Ukialikwa kahawa na wafanyakazi, usiondoke na kikombe cha kwanza. Viko vitatu, abol, tona na baraka, na mambo ya shule huanza kusemwa kwenye cha pili. Nilijua kuhusu mwalimu aliyekuwa anataka kuacha kazi, kuhusu ukuta wa choo ulioanza kupasuka na kuhusu mtoto aliyekuwa analala bila kula, yote nikiwa nimekaa kwenye kigoda, si kwenye kikao.

6. Vyeti vyako vihakikiwe wizarani na ubalozini kabla hujapanda ndege. Mkenya anaingia bila viza, lakini kibali cha kazi kipo palepale.

7. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mombasa, usikubali kukimbizana na watoto siku ya michezo mwezi wa kwanza. Watakuzunguka mara mbili, halafu watakuletea maji wakiwa hawajahema.

8. Mshahara. Mkataba wako soma ni sarafu gani. Tarehe 29 Julai 2024 benki kuu iliiachia birr, sarafu ya Ethiopia, ipangiwe bei na soko; ilikuwa kama 57 kwa dola moja, na ndani ya wiki chache ikapita 100. Wewe unayelipwa kwa dola hukuhisi kitu. Naibu wako Muethiopia, anayefundisha vipindi vingi kuliko wewe na anayekutafsiria kila kikao, alihisi sokoni siku ileile. Usizungumzie mbele yake bei ya tiketi yako ya likizo. Zungumza na bodi kuhusu nyongeza ya wafanyakazi wa ndani kabla hujazungumzia gari lako, na ulizungumze kwa takwimu za mafuta ya kupikia, teff (nafaka ya injera) na kodi ya nyumba, kwa sababu bodi nyingi zinasikia takwimu haraka kuliko zinavyosikia huruma.

Na kuna jambo la Pagumen ambalo wageni wengi hawalioni kabisa. Mishahara inalipwa kwa miezi 12. Zile siku 5 za mwezi wa 13 hazina mshahara wake, nazo zinaangukia pabaya: kabla tu ya mwaka mpya na kabla ya shule kufunguliwa, wakati kila nyumba inatafuta kondoo wa sikukuu, daftari na sare. Walinzi na wafanyakazi wa usafi ndio wanaobanwa zaidi, na ni nadra kuja kukuambia. Mwite mhasibu mwanzoni mwa Nehase, mwezi wa 12 wa Habesha, huku mvua za kiremt zikiwa bado zinapiga mabati, mkubaliane kiasi cha kutanguliza na namna ya kukikata kidogo kidogo. Orodha ya majina mwachie kiongozi wa walinzi aiandae, kwa sababu anajua nani ana mgonjwa na nani ana watoto wanne shuleni. Wewe isaini, na hela zitoke kabla ya tarehe 6 Septemba.