Kumweleza mtu kwa Kiingereza bila kurudia kiwakilishi

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kwa nini mwalimu amekata neno “she” katika sentensi yako, “The woman who she sells fish is my aunt”. Sababu ni kwamba “who” tayari imeshika nafasi ya mtenda, ilhali sisi katika “anayeuza” huweka kiambishi cha nafsi a- pamoja na kirejeshi -ye- bila kukosea. Vivyo hivyo kwa mtendwa: “niliyemwona” ina -mw-, lakini Kiingereza husema “the man whom I saw”, pasipo “him”. Zingatia pia mkato (alama ya koma), ambao kwa maoni yangu hupuuzwa mno: “My brother, who lives in Mombasa, is a nurse” kwa kawaida humaanisha kwamba una ndugu mmoja tu wa kiume; lakini ukiondoa mikato yote miwili, unamtofautisha na ndugu zako wengine wa kiume.