Ooty: panda kwa treni, shuka kwa basi

Wengi huenda Ooty, mji wa milimani kusini mwa India, kwa teksi kutoka jiji la Coimbatore, wakafika wakiwa na kichefuchefu cha kona. Reli ya Nilgiri ndiyo raha yenyewe ya safari: kilomita 46 kutoka Mettupalayam, mji ulio chini ya mlima, nayo iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2005. Treni ya mvuke huondoka saa 1:10 asubuhi na kufika karibu saa 6 mchana. Kati ya stesheni za Kallar na Coonoor mlima ni mkali mno kwa magurudumu matupu, kwa hiyo katikati ya reli kuna reli ya meno, na gurudumu la meno chini ya injini huyashika. Injini huwa nyuma, inasukuma. Ukipata behewa la mbele, moshi unakupungukia na njia yote unaiona.

Tiketi huisha mapema, hasa za Aprili na Mei. Kata mtandaoni mara tu mauzo yanapofunguliwa, siku 60 kabla. Ukizikosa, panda basi hadi Coonoor, kisha chukua treni ya dizeli mpaka Ooty. Mabonde ya chai utayaona, reli ya meno hutaiona. Oktoba hadi Desemba usiitegemee reli: mvua huporomosha udongo na safari hufutwa ghafla.

Wa gari binafsi au la kukodi, tangu Mei 2024 kila gari la nje ya wilaya linahitaji kibali cha mtandaoni, e-pass. Mwulize dereva kabla hujalipa, maana wapo wanaokumbuka wakiwa kwenye kizuizi cha barabarani. Anayetokea Mysuru ajue barabara ya msitu wa Bandipur hufungwa saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Mji uko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari alfajiri nyasi huota jalidi, na hoteli nyingi za bei nafuu hazina kipasha joto. Sweta moja haitoshi. Chupa ndogo za maji za plastiki zimepigwa marufuku, beba ya chuma. Hotelini wataomba pasipoti na viza, hata kama umetoka tu hospitali ya Coimbatore kumuuguza mtu.

Kilele cha Doddabetta, mita 2,637, nenda asubuhi. Mchana mara nyingi utalipia kutazama ukungu.