Simamisha tuisheni, mfundishe kufungua kaptura

Mkuu, simamisha hiyo tuisheni leo hii. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Kijana anatimiza miaka 4 Desemba, intavyuu ya bebi klasi ni Novemba, mwalimu anakuja nyumbani mara 3 kwa wiki, ukutani kuna charti ya matunda. Unauliza aanze bebi au aruke moja kwa moja darasa linalofuata, anunuliwe begi la magurudumu au la mgongoni, na akilia getini ufanyeje. Sijaona popote ulipoandika kama mtoto anajua kufungua kaptura yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipopigwa mimi, tena nikapigwa kwa risiti.

Wangu alianza Januari 2019, naye akiwa na miaka 4. Nilifanya kila unachofanya wewe. Mwalimu wa tuisheni alikuwa anachukua elfu 5 kwa kipindi, miezi 4, kama 240,000 hivi ukijumlisha. Mtoto alihesabu mpaka 100, akataja rangi zote, akasoma A mpaka Z kwa kwenda na kwa kurudi. Kurudi kwenyewe ilikuwa sifa tu ya mwalimu, maana sijawahi kuona mtu mzima anaulizwa Z kwenda A kokote. Intavyuu akapasua. Nikanunua soda za watu wa ofisini.

Sasa njoo nyumbani. Kwetu choo cha kukaa, na mtoto ana kikalio chake kidogo cha plastiki juu yake, cha bluu. Siku zote anavaa bukta ya lastiki. Akibanwa anaita "Dada!", na dada wa kazi anakuja kumvua, anamkalisha, anamtawaza, anamvalisha, anavuta maji. Mimi narudi saa 2 usiku namkuta amelala. Kwa hiyo nilijua mwanangu ni msafi. Mimi ni mhasibu, nahesabu hela za watu mchana kutwa, ila sikuwahi kuhesabu vifungo vya kaptura ya shule. Kilikuwa kimoja, kigumu, na juu yake zipu, na juu yake tena mkanda wa ngozi wa kuchomeka. Kama sare ya askari.

Halafu nikatia la kwangu. Asubuhi ya siku ya kwanza, basi linapiga honi saa 12 kasorobo, nikamwinamia nikamwambia: "Shuleni usimsumbue mwalimu." Hilo nililisema mimi, hakunifundisha mtu.

Mtoto akatii. Darasa la watoto zaidi ya 30, mwalimu mmoja na msaidizi, na ukitaka kutoka lazima useme "Madam, mei ai go auti", la sivyo hujasikika. Yeye alijua kusema nanasi na embe kwa Kiingereza. Hiyo sentensi hakuna aliyemfundisha. Na hata angetoka, vyoo vilikuwa vya kuchuchumaa, ndoo na kopo pembeni, shimo jeusi katikati. Baadaye sana alinieleza kwamba aliogopa atatumbukia. Basi akaamua kubana, tangu asubuhi hadi saa 8 mchana basi linapomshusha.

Dalili zilikuwepo zote na nilizisoma kinyume. Chupa ya maji ilikuwa inarudi imejaa, nikasema darasani kuna feni, hana kiu. Kumbe kale kachwa kalishapiga hesabu kuliko babake: nisipokunywa, sitabanwa. Uji wa saa 4 akawa anaukataa, nikasema amezoea chai ya nyumbani. Choo kikubwa akawa anapata mara moja kwa siku 3, analia, nikalaumu ndizi. Wiki ya tatu dada wa kazi akaikuta chupi imeloa, imekunjwa vizuri, imefichwa mfuko wa mbele wa begi, nyuma ya penseli za rangi. Aliificha mwenyewe. Miaka 4!

Wenzake walishaanza kumwita kikojozi. Mwezi wa pili ikaja homa, tumbo, anakojoa matone na kupiga kelele. Tukampeleka zahanati, wakapima mkojo, UTI. Daktari hakuuliza habari za usafi kama nilivyotegemea. Aliuliza: "Shuleni anaenda chooni?" Nikamgeukia mke wangu, mke wangu akamgeukia dada, dada akaangalia sakafu. Daktari akatueleza kwamba mtoto anayebana mkojo kutwa na hanywi maji anawapa wadudu nafasi ya kuzaliana kwenye kibofu, na choo kikubwa kikikauka kinakandamiza kibofu na kufanya mambo yawe mabaya zaidi. Dawa akapewa. Akapona, akarudi shule, akabana tena, ikarudi tena.

Kufika Mei mtoto akiona soksi nyeupe tu anatapika. Tukamtoa. Nilikuwa nimelipa awamu 2 za ada, 800,000, na ada haikurudi, wala basi, wala sare. Kwenye ile orodha ya mahitaji walitaka rimu ya karatasi na roli 12 za karatasi za chooni. Nilizibeba mwenyewe, zote 12. Mwanangu hakutumia hata moja, kwa hiyo naweza kusema nilichangia maendeleo ya watoto wa wenzangu.

Yule mwalimu wa tuisheni nilimpigia. Akasema "mzee, hayo ni malezi, mimi nashughulika na taaluma." Taaluma ya miaka 4! Shemeji yangu naye, aliyetuhakikishia kwamba "huko huko watamfundisha, mbona wangu walijua", baadaye akakumbuka kuwa watoto wake walianzia shule ya jirani na dirisha la jiko lao, bibi alikuwa anaenda kuchungulia kila mapumziko. Kumbukumbu hiyo ingefika Desemba ingenisaidia. Na waliotuuzia fomu walituonyesha maktaba, bembea na basi jipya. Vyoo hatukuonyeshwa, na sisi wajinga hatukuomba kuviona. Baadaye nikaja kuona kwamba mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania uliokuwepo, ule wa 2016, una umahiri sita tu na mmojawapo ni kutunza afya. Umeandikwa kabisa kwa Kiswahili. Rangi kumi kwa Kiingereza sikuziona.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na wanaonijua kazini wameshaichoka: mtoto asipande basi kabla hajaweza kuomba ruhusa, kwenda chooni, kuvua, kujisafisha, kuvaa na kunawa, peke yake, kwenye choo kama cha shule, akiwa na nguo za shule. Hilo la mwisho ndilo watu wanaliruka. Kwa bukta kila mtoto ni bingwa.

Tulivyofanya raundi ya pili: tulimpeleka awali ya shule ya msingi ya serikali, Januari 2020, miaka 5. Oktoba kabla yake nilinunua kaptura 2 za shule na akawa anashinda nazo nyumbani. Fundi cherehani akatoa kifungo na kutia lastiki kwa elfu 2, akashona kifungo cha uongo kwa mbele ili ifanane na za wenzake. Mkanda nilimpa mpwa wangu. Jumapili tulienda kwa bibi yake Kibaha kwa ajili ya choo tu, cha kuchuchumaa, mimi nje ya mlango natoa maelekezo kama refa. Wiki moja kabla ya kufungua nikaomba kuingia naye shuleni, akaona vyoo, akamwaga maji mwenyewe kwa kopo, akaniambia "baba shimo dogo hili." Nikamuuliza mwalimu wake wanasema neno gani wakibanwa, tukaenda kulifanyia mazoezi kwa sauti kubwa mpaka majirani wakajua. Na nikamwambia waziwazi: "Mwalimu msumbue." Chupi ya akiba na mfuko wa plastiki vilikaa kwenye begi, akijua vilipo. Kila jioni nakagua chupa ya maji kabla ya daftari. Mpaka leo ni mkubwa, chupa bado naiangalia. Akijua nimeyaandika haya atanihama nyumba.

La kuruka darasa: sera ya elimu ya sasa, toleo la 2023, inataka awali mwaka mmoja akiwa na miaka 5 na darasa la kwanza akiwa na 6. Wako hana haraka yoyote, haraka ni ya kwako. La kulia getini sikumbuki hata tulifanyaje, wangu hakulia, alikuwa amebana.

Kuhusu begi subiri kwanza. Sare mmeshapewa? Kaptura yao ni ya lastiki au ya kifungo?