Gari linatetemeka ukikanyaga mafuta: achana na kubalansi matairi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ, automatiki. Tangu niiinue kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo) kwenye shokapu za mbele, nikikanyaga mafuta kati ya kilomita 40 na 70 kwa saa, hasa nikiwa na abiria au nikipanda mlima, gari zima linatikisika kushoto na kulia. Nikiachia mafuta linatulia. Nimebalansi matairi mara tatu na kufanya alaimenti. Sasa fundi anasema giaboksi imekwisha, nitafute nyingine. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, usinunue giaboksi. Umeshajijibu uliposema ukiachia mafuta linatulia. Tairi halijui kama umekanyaga mafuta au umeachia. Tairi lisilobalansiwa, au rimu iliyopinda, hufuata mwendo: ukikaribia kilomita 90 usukani unaanza kucheza, na utaendelea kucheza hata ukiweka N, mpaka mwendo upungue. Mtikisiko unaokuja injini ikivuta na kuondoka ukiachia mafuta hauna uhusiano na balansi. Magari ya namna hii naletewa kila mara, na karibu yote yameshapitishwa kwenye mashine ya kubalansi, mwenye gari akilipa kila safari. Inaniuma, kwa sababu dakika kumi za kuliendesha gari zingetosha kumwonyesha fundi kwamba anatafuta pasipo.

Kwa gari lako naanza kushuku sivi jointi ya ndani. Sivi ni viungo vya shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu; ya ndani ni ile ya upande wa giaboksi. Mafundi wengi wanaihesabu ya nje tu, inayogonga ukikata kona kali. Wasiposikia mlio huo wanatangaza kwamba sivi ni nzima. Ya ndani mara nyingi hailii kabisa. Ina roli tatu zinazotembea kwenye njia tatu za kombe la chuma. Njia hizo zikishaliwa, roli zinakwama na kuachia kadiri shafti inavyozunguka, shafti inasukumwa mara tatu kila mzunguko, na gari linayumba kushoto na kulia kama ulivyoeleza.

Spesa zako zina mkono hapo. Ulipoinua gari, giaboksi ilipanda pamoja na bodi, magurudumu yakabaki chini. Shafti sasa inazunguka kwa pembe kali kuliko iliyokusudiwa kiwandani. Hata jointi mpya inaweza kutetemeka kwa pembe hiyo. Iliyokwisha kuchoka ndiyo kabisa.

Kabla ya kufungua chochote, fundi apande gari mwende wote kwenye barabara tupu. Kama mtikisiko unakuja ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu kwa mwendo wa kati, kama unapita kwenye rasta, na unakatika papo hapo ukigusa breki kidogo, hiyo ni klachi iliyo ndani ya tokikonveta (kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi ya automatiki), na hapo unaanza na oili ya giaboksi. Injini ikikosa moto kwenye plagi au koili, hukatakata inapovuta na mara nyingi taa ya injini huwaka. Mauntingi (raba zinazoshikilia injini) zilizokufa utazijua gari likiwa limesimama: linatetemeka kwenye D umeshika breki, ukiweka N mtetemo unapungua. Dalili zako hazifanani na yoyote kati ya hizo.

Kisha gari liinuliwe na likae kwenye stendi, si jeki peke yake. Toa buti (mpira unaofunika jointi) ya jointi ya ndani, futa grisi yote, pitisha ukucha kwenye zile njia za roli. Ukucha ukikwama kwenye kibonde, kombe limekwisha. Hakuna grisi itakayolirudisha. Grisi mpya nzito huficha mtikisiko kwa muda, na fundi anayekuuzia hiyo kama tiba anajua utarudi. Wengine hujaza kombe kwa kuchomelea, kisha wanasaga. Chuma kile kimekomazwa kwa moto kiwandani; ukikichomelea, ukomavu umeondoka na roli zitakila upya.

Na hili nawaambia wote wanaoinua magari madogo. Gurudumu likining'inia kwenye shimo refu, roli zinaweza kufika ukingoni mwa kombe. Buti zinavutika, zinachanika, mchanga unaingia. Shafti ikichomoka, gari halivuti tena, na P haitalishika, kwa sababu P inafunga giaboksi, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) itauachia upande uliokatika uzunguke. Kinachobaki ni breki, ya mguu na ya mkono. Fikiria hilo likukute mlima Kitonga, gari limejaa watu na nyuma yako lori la mzigo.

Wewe anza na kisicho na gharama ya spea: toa spesa, rudisha gari kwenye kimo chake, kaliendeshe tena. Mtikisiko ukiisha au ukipungua sana, umeshajua. Ukibaki na kombe likawa limeliwa, tafuta shafti iliyotumika kutoka Japani, linganisha urefu, idadi ya meno ya pande zote mbili na ringi ya ABS kabla hujalipa, na muuzaji akuvulie buti dukani uyapitishe ukucha yale makombe nayo. Akikataa kuvua, nenda duka la pili.