Kwa mnaoingia kwenye tamthilia za hospitali za zamani hapa Ziwa Victoria

Kila inaposikika kwamba kuna tamthilia ya miaka ya 1960 itapigwa Mwanza, vijana wanaokuja kuomba kazi ya vifaa na mandhari huanza na nguo. Gauni la nesi, kofia, saa ya kubana kifuani. Nguo zina uzito wake, na fundi mzuri akipewa picha mbili tatu za zamani anazishona bila shida. Ninachowaomba mkitangulize ni kingine: jifunzeni kazi ya nesi wa wakati ule, hatua kwa hatua, kabla hamjanunua hata trei moja. Mtazamaji huamini kwamba yuko mwaka 1964 anapoona muda ambao kila jambo dogo lilichukua.

Chukueni bomba la sindano. Liwe la kioo. Mabomba ya plastiki ya kutumia mara moja na kutupa yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia sokoni huko ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwetu ya kioo yaliendelea kuchemshwa kwa miaka mingi baadaye. Mengi yalisagwa moja moja kiwandani, ganda na kijiti chake cha kusukumia dawa vikapewa namba ileile. Ukivichanganya, ama kijiti kinakwama ama dawa inavuja pembeni. Kwa hiyo nesi anatoa vifaa kwenye maji ya moto kwa koleo, anasoma namba, anaoanisha. Sindano yenyewe ilinolewa kwenye jiwe, kisha ikapitishwa kwenye pamba. Ikivuta nyuzi, bado ina kijino, inarudi jiweni. Sasa fikirini mtoto ameletwa usiku na degedege, na mabomba yote yamo kwenye sufuria ambayo haijachemka. Mwandishi hahitaji mhalifu wala mapenzi ya siri ili roho ya mtazamaji iwe juu. Anahitaji jiko la mafuta ya taa ambalo lazima lipampuliwe tena.

Glovu nazo zilirudiwa. Muuguzi mmoja mstaafu tuliyemwalika aje atazame mazoezi aliichukua glovu ya mpira mezani, akaijaza maji, akaikunja mdomo na kuikamua taratibu huku akiigeuza kwenye mwanga. Alikuwa anatafuta tundu. Halafu akaonyesha ilivyokaushwa, ikapakwa poda ndani na nje, ikafungwa jozi kwa jozi kwenye kitambaa. Mikono yake ilifanya yote hayo huku anatuhadithia habari za wajukuu. Mwigizaji wetu aliyekuwa anacheza nesi wa zamu aliomba arudie, akarudia, na tangu siku hiyo yule dada hakuhitaji kuelekezwa asimame wapi katika tukio lile, maana alikuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo watafuteni wazee hawa. Wako Igoma, Nyakato, Misungwi, Magu, Ukerewe, wengi wamestaafu na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mkifika, shikamoo kwanza, na habari za nyumbani zichukue muda wake. Mtu hakupi ujana wake kwa sababu umefungua daftari. Msiulize "mlitumia vifaa gani?" Swali hilo linazaa orodha fupi. Ulizeni: "Mama, ukiingia zamu ya asubuhi, mkono wako unashika nini kwanza?" Hapo atawapitisha wodi nzima. Na walipwe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watayarishaji wanaomlipa mwenye gari la kizamani la kukodi kwa siku, halafu bibi aliyeokoa skripti yao anapewa soda na nauli ya daladala. Mnaoanza mna nafasi ya kuukata mtindo huo: bajeti ya mshauri iandikwe siku ileile inapoandikwa bajeti ya nguo, na jina lake litokee mwishoni kama majina mengine.

Dripu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kwenye tamthilia nyingi zinazohusu zamani utaona mfuko laini wa plastiki na kanula ya rangi, yaani kile kimrija cha plastiki kinachoachwa mshipani, mkononi mwa mgonjwa. Wekeni chupa ya kioo, mrija wa mpira mwekundu au wa kahawia, na sindano ya chuma iliyofungwa kwa plasta, na mkono umelazwa juu ya kibao ili kiwiko kisikunjwe. Mwendo wa maji ulihesabiwa kwa macho. Chupa ya mililita 500 ikitakiwa kuisha kwa saa 4, na mpira wake ukitoa matone 20 kwa mililita, nesi anatafuta matone kama 42 kwa dakika. Mwigizaji ahesabu kweli, jicho moja kwenye tone na jingine kwenye saa ya kifuani. Mtu anayehesabu huacha kupepesa macho, na hilo haliigiziki. Chati ya joto iliyo miguuni mwa kitanda iwe ya nyuzi za Fahrenheit: homa ya 104 ndiyo 40 ya leo.

Karatasi zinahitaji kalenda. Hadi Aprili 1964 barua za serikali ni za Tanganyika. Baada ya tarehe 26 ya mwezi huo ni Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania linakuja Oktoba. Fedha ni shilingi ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1966. Redio iwepo, runinga isiwepo kabisa.

Tukitoka nje ya wodi, ziwa lenyewe limebadilika kuliko majengo, na hapa ndipo wageni kutoka Dar huteleza. Gugu maji lilianza kuonekana ziwani kuelekea mwaka 1990, kwa hiyo fukwe ya 1964 yenye majani yale ya kijani ni kosa ambalo mvuvi yeyote ataliona kabla ya mwanafilamu. Sangara walikwisha kupandikizwa, lakini hawakulitawala ziwa hadi miaka ya 1980. Kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, wekeni samaki wa asili wa ziwa: ngege, ningu, furu, kamongo. Kilima cha Bugando mwaka 1964 bado hakina hospitali: ujenzi ulianza 1968 na ikafunguliwa 1971. Ukipiga mji kutoka majini, jengo lile linaingia lenyewe, kwa hiyo panga kamera kabla ya kupanga mtumbwi. Halafu kuna jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na zilizofuata zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Gati la hospitali la mwaka 1960 na la 1964 haviwezi kufanana. Miti iliyosimama majini, ngazi za chini zilizozama, mashua inayofungwa karibu na ukuta wa wodi: hiyo ni mandhari ya bure, na ni kweli tupu.

Wapo watakaowaambia mtazame tamthilia ya The Royal ya ITV ya Uingereza, iliyorushwa 2003 hadi 2011, yenye hospitali ndogo ya miaka ya 1960 kwenye pwani ya Yorkshire. Itazameni. Ina mengi ya kufundisha kuhusu jinsi hospitali moja inavyobeba mji mzima, na nje ya hospitali ile ilipigwa kwenye jengo la Scarborough ambalo halikuwa hospitali, jambo linalotia moyo kwa mwenye bajeti ndogo. Ila msiihamishe kama ilivyo. Kule bahari ni mahali ambapo watu huenda kupumzika, na mgonjwa huletwa na gari la wagonjwa mlangoni. Kwetu ziwa ndiyo barabara. Mjamzito wa kisiwa cha Ukara anafika kwa mtumbwi au kwa meli, na MV Victoria, iliyoanza kazi 1961, ilikuwa inaunganisha Mwanza, Bukoba na Kisumu. Dharura yetu huanza saa nyingi kabla ya mlango wa hospitali, kwa upepo, kwa kasia, kwa machela kwenye njia ya mawe. Tukio la kwanza likianzia wodini, mmeshatupa nusu ya hadithi.

Kwa mnaoandika: waandishi wapya hukimbilia kipindupindu. Wimbi la saba la kipindupindu duniani liliingia Afrika mwaka 1970, kwa hiyo kwenye hospitali ya 1964 halina nafasi, na pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji zilikuwa bado. Wodi ya wakati ule ilikuwa na surua, pepopunda, ndui, kichocho, malaria iliyotibiwa kwa klorokwini. Vinatosha. Na mkitaka kisa cha kweli cha kandokando ya ziwa, kipo cha Kashasha karibu na Bukoba, ambako mnamo Januari 1962 wasichana wa shule moja walianza kucheka bila kujizuia hadi shule ikafungwa mwezi Machi. Nimesoma skripti zinazokigeuza kichekesho. Wale walikuwa watoto wenye dhiki, walilia pia na kuhangaika, na madaktari walipima wasipate kidudu chochote. Andikeni daktari ambaye hana jibu na mzazi aliyesimama mbele yake anasubiri.

Mwisho, sauti. Mtapiga alfajiri kwa sababu ya mwanga, na alfajiri ndiyo bodaboda wanaamka. Pikipiki moja ikipita nyuma ya nesi anayehesabu matone, tukio limekwenda. Ongeeni na viongozi wa kijiwe siku moja kabla, kwa heshima na kwa malipo, wawashikie njia kwa saa moja. Mkishamaliza, baki na mtu wa sauti dakika chache arekodi maji yanavyopiga mawe pale pale, maana wakati wa kuhariri mtayahitaji chini ya kila neno.