Utafiti wa mazingira ukiwa chuo cha jamii Marekani: anza Oktoba, si Machi

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaofika Marekani, wakiwemo waliopitia kambi za wakimbizi za Kakuma na Nyarugusu, huanzia chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili, kwa sababu ada yake ni nafuu. Wengi wao hudhani utafiti wa kulipwa ni wa watu wa vyuo vikuu vikubwa. Sivyo. Mpango wa REU, wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, unaogharamiwa na NSF, wakfu wa sayansi wa serikali ya Marekani, unataka angalau nusu ya washiriki wa kila kituo cha utafiti watoke vyuo visivyo na nafasi nyingi za utafiti, na vyuo vya miaka miwili vimo. Wizara ya Nishati nayo ina mpango wa mafunzo kazini wa CCI, ambao ni wa wanafunzi wa vyuo vya jamii pekee, katika maabara za taifa kama Argonne na Oak Ridge. Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder kina RECCS, mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii, wiki 9 za sayansi ya mazingira na dunia. Posho huwa dola 600 hivi au zaidi kwa wiki, na mara nyingi malazi hulipwa.

Kabla ya kuandika lolote, tazama hati zako. REU na CCI ni za raia na wenye grinikadi. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grinikadi baada ya mwaka mmoja nchini, kwa hiyo anayeahirisha fomu hiyo anaahirisha na utafiti. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, atafute programu zinazotumia fedha za chuo chenyewe, na aonane na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kupokea hata senti. Kuna pia wanaohitimu chuo cha jamii Mei na kuhamia chuo kikuu Agosti, wakidhani kiangazi hicho hawahesabiwi popote. REU inawakubali. Ukishapata barua ya kupokelewa na chuo kipya, itume.

Maombi mengi hufunguliwa Novemba au Desemba na kufungwa kati ya Januari na mwanzo wa Machi. Anayesikia habari hizi Machi amechelewa mwaka mzima.

Kinachoangusha watu zaidi, hata kuliko alama, ni barua za mapendekezo. Mwombe mwalimu wa kemia au baiolojia aliyekuona maabara. Barua ya mchungaji au bosi wa ghala, hata ikusifu vipi, haisemi kama unajua kupima na kuandika matokeo. Mpe mwalimu wiki 4, pamoja na matokeo yako ya masomo, rasimu ya insha, orodha ya tarehe, na mistari michache ya kumkumbusha jaribio ulilofanya darasani kwake. Mfumo wa maombi wenyewe humtumia mwalimu kiungo cha kuweka barua yake, na barua pepe hiyo hupenda kuangukia kwenye taka. Siku unayoingiza anwani yake, mwambie. Walimu wa muda hufundisha vyuo viwili vitatu, basi muulize anasoma anwani ipi.

Insha isianze na “tangu utotoni napenda mazingira”. Msomaji ana rundo la insha zenye mwanzo huo. Fungua ukurasa wa kituo cha utafiti unachoomba, chagua miradi miwili, taja swali linalochunguzwa, kisha onyesha unachokijua kinachohusiana nalo.

Na kama hujui chochote bado? Tengeneza. Shirika la USGS, la serikali ya Marekani linalopima maji na ardhi, linatoa bure data za mito kwenye intaneti. Tafuta kituo cha kupimia mto ulio karibu nawe, ukichukue kwa namba yake, kisha pakua mwaka mmoja wa data yenye alama 00060, yaani mtiririko kwa futi za ujazo kwa sekunde. Vituo vingi hurekodi kila dakika 15, hivyo utapata safu kama 35,000, nyingi mno kuzikagua kwa macho. Piga wastani wa kila siku kwa programu ya takwimu ya R au hata Excel, uuweke kwenye grafu pamoja na data za mvua kutoka NOAA, shirika la serikali la hali ya hewa na bahari. Mambo mawili huharibu kazi hii. Kwanza, herufi P maana yake data ni ya muda na inaweza kubadilishwa, ilhali A imeshaidhinishwa. Pili, katika majimbo ya baridi, safu ya namba huweza kuwa na neno la kuonyesha barafu, na programu ikaigeuza safu nzima kuwa maandishi. Ukieleza katika insha jinsi ulivyolitatua hilo, umeshapita waombaji wengi wenye alama nzuri tupu.

Ukipewa nafasi, uliza posho ya kwanza hulipwa lini. Ikija baada ya wiki mbili au zaidi, utahitaji akiba ya chakula. Kwa kawaida kodi haikatwi kwenye posho hiyo, lakini ni mapato, kwa hiyo tenga kiasi. Mwenye watoto aulize kama anaweza kuishi nje ya bweni na kupewa fedha za malazi.

Ukiwekwa kwenye orodha ya akiba, usikate tamaa mapema. Waombaji wenye nafasi mbili huacha moja, na simu huendelea kupigwa hadi Aprili, pengine Mei. Kituo kinachojaza pengo hakisubiri, kwa hiyo jibu siku hiyo hiyo.